Majina Aliyopewa Winnie

Hivi mtoto akijipiga shavu mpaka livimbe, wewe unamtafutia jina jipya? Basi ndivyo walivyofanya nyumbani kwa Ayoo, pale Kirumba, miaka ile viwanda vya minofu ya samaki vilipokuwa vinaota kando ya ziwa kila kukicha.

Ayoo alikuwa akikaanga na kuuza mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwandani. Binti yake Winnie alikuwa na miaka kumi na hajawahi kusema neno. Siku hizi tunajua huo ni usonji. Wakati ule kila mtu alikuwa na lake. Winnie alizoea kujing'ata mkono mashine ya kusaga ikinguruma, na mama yake alishajua: ni kelele. Akimsogeza mbali, anaacha. Lakini safari hii alijipiga ngumi shavu la kulia tu, asubuhi mpaka jioni, mashine iwake isiwake.

Mama mkwe akaja kutoka Shirati. "Ni marehemu Ajwang wa ukoo wetu anamsumbua, anataka mtoto apewe jina lake," akasema. Wakamwita mtoto Ajwang. Ngumi hazikukoma. Wakajaribu la shangazi wa babu, wakajaribu na la kichanga aliyefariki. Wapi! Okomo, baba wa mtoto, mtu mzima na akili zake, akachukua kamba ya nyavu akamfunga mwanawe mikono. Mtoto akasugua shavu ukutani mpaka damu ikatoka.

Ayoo akaikata kamba ile kwa kisu cha samaki. "Ukimfunga tena, baba Winnie, tutaonana wabaya!"

Hospitali nako daktari hakuinua hata uso. "Watoto wa hivi ndivyo walivyo, mama. Mpe hizi alale." Jamani, kulala! Ayoo alirudi nyumbani na hasira zake.

Kesho yake Winnie akaingiza mkono kwenye ndoo ya mapanki, akatoa bonge la barafu, akalibana shavuni. Akatulia tuli. Barafu ilipoyeyuka, ngumi zikaanza tena; akachukua bonge jingine. Ayoo aliacha samaki waungue. Akampakata, akamfunua mdomo taratibu. Gego limeoza, ufizi umejaa usaha.

Akambeba mgongoni mpaka hospitali ileile, akakaa mlangoni kwa daktari yuleyule: haondoki mpaka mdomo utazamwe. Ukatazamwa. Jino likang'olewa.

Siku chache baadaye Winnie alikuwa anakula ugali vizuri, mikono yake imetulia mapajani. Mama mkwe akapiga kigelegele. "Mnaona? Marehemu amelikubali jina!"

Ayoo akamgeukia. "Mama, nakuheshimu. Lakini hakuna marehemu aliyekuwa anaita hapa. Aliyekuwa anaita ni mtoto huyu, na mahali panapouma alituonyesha, sisi tukamfunga mikono."

Akafungua fundo la khanga, akaliweka lile gego mezani mbele yao.

"Hili hapa. Haya, lipeni jina."