Kalamu ya Baba ya Kuandikia Kombe

Niliichemsha. Niseme mwenyewe kabla hamjalisikia kwa jirani. Kalamu ya wino ya marehemu baba, nyeusi ya kung'aa, niliitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto ili ulainike uchafu uliogandia ndani, nikaitoa ina rangi ya tope la Rufiji. Mimi na kidato cha nne changu.

Lakini mkosaji hasa ni mdogo wangu! Kalamu ile baba hakuiandikia kitu kingine ila kombe: anaijaza zafarani, anaandika aya kwenye sahani nyeupe, maandishi yanaoshwa kwa marashi, mgonjwa anakunywa. Mdogo wangu, mwenye kibanda cha simu Kibiti, alikuja Idi akachukua nibu yake, ile ncha ya kuandikia, kuchokolea laini ya simu. Laini ya simu! Ikapinda kama mdomo wa kasuku, naye akairudisha kabatini kimya, akaenda zake.

Kisha goti la mama likamshika, hata kuinuka kwenye mswala mpaka ashikwe mkono. Kombe la kalamu nyingine hataki kulisikia.

"Weye si unashinda nyumbani?" akaniambia mama. "Itengeneze."

Ndivyo walivyo. Kila kinacholemaa katika ukoo huu huletewa mimi, kana kwamba kukaa ndani ni ufundi.

Nililaza nibu juu ya ubao, nikainyoosha kwa mgongo wa kijiko, kila mkandamizo na tusi lake kwa mdogo wangu. Kifuko cha mpira cha ndani kilikuwa kimekauka, kikapasuka kama ganda la yai. Nikatia badala yake kimpira cha kubonyeza cha chupa ya dawa yangu ya macho. Hicho ndicho kilichostahili kuchemshwa, na nilikichemsha.

Ijumaa, mwalimu wa madrasa akaijaribu. Ikatema doa moja kubwa, ikagoma, halafu zafarani ikashuka vizuri. Mama akanywa sahani yote, akafumba macho.

Hapo nikampigia mdogo wangu, sauti nje, wote wasikie. "Mharibifu weye! Kalamu ya baba unachokolea simu? Huna hata haya?"

Jirani yetu, bibi aliyetuletea marashi, alikuwa ameishika kalamu anaigeuzageuza. Akasogelea simu.

"Mwache mwenzio. Yeye kaipinda, weye umeipika."