Siku Mbung'o Walipoujaza Mgongo Wangu

Mpaka leo nikisikia mtu anasema kitu fulani kimepungua, masikio yananiwaka moto, na ingawa nimehama miji mingi tangu wakati ule, aibu hii nimehama nayo kila mahali.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nimetoka sekondari juzijuzi, nikapata kazi ya kuhesabu mbung'o, wale inzi wanaouma ng'ombe na kuwaambukiza ugonjwa wa kuua, katika vichaka vya karibu na Itigi. Mzungu wetu (watu walimwita Bwana Mbung'o, naye alijua) alikuwa amefyekesha ukanda mrefu wa pori ili wakose pa kujificha, akataka kujua wadudu wamepungua kiasi gani. Kila wiki mimi na mwenzangu Shabani tulipita njia ileile tumebeba kitambaa cheusi kilichofungwa kwenye ufito, kuanzia saa nne jua likiwa kali, tukihesabu wanaotua juu yake.

Sasa mimi nilipenda treni kupita kiasi, na siku yetu ya kuhesabu ilikuwa siku ya treni, basi nikamwambia Shabani tuanze alfajiri ili niwahi stesheni.

"Na kitabuni?" akauliza.

"Tutaandika saa nne. Kwani mbung'o wana saa?"

Ilikuwa Juni, baridi inakata mikono, na hao mbung'o walikuwa wamejibanza majanini hawataki hata kuruka. Hesabu ikashuka wiki baada ya wiki, Bwana Mbung'o akachora mstari unaoteremka, akanipiga bega, nami (hili ndilo baya zaidi) nikauamini.

Akaja Mzee Mkumbo, mfugaji, majani ya kwake yamekwisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, wewe ndiye unayewahesabu. Wamepungua kweli? Nina ng'ombe saba tu."

"Wamekwisha, mzee. Wapeleke ukandani wakale."

Akapeleka kesho yake.

Wiki ya tatu tangu hapo Bwana Mbung'o akaitisha baraza palepale kwenye ukanda, awaruhusu wafugaji wote kulisha humo, mchoro umetundikwa mtini, nami nimevaa koti jeusi jipya nisimame kando yake nionekane. Jua likapanda, mbung'o nao wakaja, na kwa kuwa wanapenda kitu cheusi wakaujaza mgongo wangu wote, nikawa najikunja huku najifanya sina habari.

"Kijana," mama mmoja akasema nyuma yangu, "hao wa mgongoni umeshawaandika?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana Mbung'o hakucheka. Alijipapasa shingo alipoumwa, akautazama mchoro, akaniuliza taratibu, "Ulihesabu saa ngapi?"

Shabani akaangalia miguu yake. Nikasema kweli, mbele ya wote: alfajiri.

Kicheko kikakatika, maana Mzee Mkumbo alikuwa amesimama. "Wangu wamo humo wiki ya tatu sasa," akasema.

Kazi iliisha siku hiyohiyo. Ng'ombe walichukua muda zaidi kuisha, walikula huku wakikonda, na kabla ya mvua watano walikuwa wamekufa. Nilikwenda kwake kuomba radhi nikamkuta anachuna wa tano, nikaanza maneno yangu marefu niliyoyapanga njia nzima, naye hakuinua uso.

"Shika mguu huo," akasema.

Nikashika mpaka tukamaliza. Tangu hapo nimefanya kazi nyingi, nzuri na za hovyo, lakini sijamwambia tena mtu kwamba hatari imekwisha kwa sababu tu niliichungulia ikiwa imelala.