Mpira Chini ya Mfuniko

Fundi Pua alipata jina lake kwa kunusa. Mafundi wengine wa pikipiki, wakiletewa chombo kilichogoma, huchomoa plagi waone kama inatoa cheche, au hutikisa waya za betri. Yeye alifungua mfuniko wa tangi, akainama, akavuta pumzi ndefu huku amefumba macho kama mtu anayekagua mchuzi ukweni, kisha akatoa hukumu. Hukumu ilikuwa moja tu. Kabureta.

Pikipiki isiyowaka asubuhi ilikuwa na kabureta chafu. Inayotoa moshi, kabureta. Iliyokata mnyororo ilimpa shida kidogo, lakini hata hiyo alikuwa na jibu lake: injini inayovuta kwa kushtuka kwa ajili ya kabureta mbovu lazima imalizie hasira kwenye mnyororo. Ukutani mwa kibanda chake cha mabati alitundika kabureta kuukuu kwenye misumari, zimepangwa kwa ukubwa, na aliwaonyesha wageni kama watu wanavyoonyesha picha za harusi.

Umeme aliuchukia, kwa kuwa haunuki. Taa ikizimika alisokota waya yoyote na waya yoyote, akafunga kwa utepe mweusi. Fyuzi ikikatika aliziba mahali pake kwa ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, na waya zikianza kuyeyuka alisema ni jua. Mwenye duka la dawa aliwahi kuondoka pale na pikipiki ambayo kila akikanyaga breki ilipiga honi. Aliporudi kulalamika, Pua alimweleza kwa upole kwamba sasa hata aliye mbele yake anajua anasimama. Yule bwana, aliyezoea kuuza dawa kwa watu wasiouliza maswali, naye hakuuliza.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi mwingine, mtu mkimya, aliyetembea na taa ndogo ya kupimia umeme imening'inia shingoni. Alipima waya moja baada ya nyingine hadi aipate iliyokufa. Pua alimwita Kipofu. Mwenye macho, alisema, anatafuta nini na taa saa sita mchana? Wateja walicheka. Pua alijua kuchekesha, na hiyo ndiyo ilikuwa nusu ya ufundi wake. Nusu ya pili ilikuwa bahati, nayo inahitaji maelezo.

Alikuwa na dada, mdogo wake wa tumbo moja, mjane, aliyeitwa na kila mtu Mama Maziwa. Marehemu mumewe alimwachia pikipiki ya zamani, rangi ya tangi imelika pande zote mbili pale magoti ya mume yalipobana kwa miaka. Kila alfajiri alifunga madumu nyuma ya kiti, akapita kwa wafugaji, kisha akapanda mlima kupeleka maziwa kwenye jiko la shule ya bweni. Tenda hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake mzazi, aliyeishi naye. Hapakuwa na nyingine.

Mpira wa asili wa mfuniko wa tangi ulikuwa umekauka na kupasuka, na kwenye kona petroli ilimrukia mapajani. Alimwendea kaka yake. Pua akachukua tyubu kuukuu, akakata kwa mkasi wa mkewe duara la mpira, akalipachika ndani ya mfuniko. Likakaa kama lilizaliwa humo. Tone halikuvuja tena. Ubaya wa mambo ni kwamba hiyo ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya.

Katika mfuniko wa tangi la pikipiki kama ile pana kitundu chembamba, hakikuwekwa kwa urembo. Petroli inaposhuka kwenda kwenye injini, hewa huingia kupitia hapo na kushika nafasi yake. Kitundu kikizibwa, tangi linabaki likijivuta lenyewe kwa ndani, petroli haishuki, na injini inazima njiani kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Ukisubiri, hewa hujipenyeza kidogo kidogo, pikipiki ikawaka, ikaenda, ikazima tena. Ukifungua mfuniko, inapona papo hapo.

Na Pua, akiletewa pikipiki, alianza na nini? Alifungua mfuniko.

Kwa hiyo dada yake akizimikiwa njiani, akaisukuma hadi kibandani, Pua alifungua, akanusa, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaishusha kabureta, akaipuliza, akairudisha. Kiki moja, inaunguruma. Angeweza kuimba badala ya kupuliza na matokeo yangekuwa yale yale. Waliosimama pale walisema pikipiki zinamwogopa. Yeye hakukanusha.

Madereva wa pikipiki za abiria waliokuwa wakipiga soga kibandani waliuona ule mpira wakaupenda. Wote walichoka suruali kunuka petroli. Kila mmoja akataka wake, na Pua akawakatia, duara baada ya duara, tyubu ikaisha akatafuta nyingine. Baada ya hapo gereji ilijaa kuliko wakati wowote. Pikipiki zilikuja zikisukumwa, zikanuswa, zikapulizwa, zikaondoka zinanguruma, zikarudi zinasukumwa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini ugonjwa umeenea ghafla hivyo. Walilaumu petroli. Walilaumu vumbi. Mmoja alilaumu abiria wanene. Walikuwa watu wazima, wenye leseni.

Mama Maziwa hakuwa na nafasi ya kungoja pikipiki irudiwe na fahamu. Chai ya wanafunzi ilingoja dumu lake. Alichelewa, akachelewa tena, na mpishi mkuu wa shule, mtu mpana mwenye sauti ndogo, akamwita pembeni. Alimwambia kwamba kuna bwana mwenye pikapu anayeulizia tenda ile kila wiki, na kwamba yeye binafsi amechoka kuwaeleza watoto kwa nini chai ni nyeusi. Akichelewa mara nyingine, asijisumbue kushusha madumu.

Jioni ile alimweleza mama yake kwamba pikipiki ataipeleka ng'ambo ya barabara, kwa yule wa taa.

Mama alikuwa akichagua mawe kwenye mchele. Aliweka ungo chini. "Kaka yako yupo hai, ana mikono miwili, unampelekea mtu baki? Watu watasema nini?"

"Watasema maziwa yamefika, mama."

"Watasema ndugu zake wenyewe hawamwamini. Kaka yako ana familia. Usimvunjie riziki."

Kwamba riziki iliyokuwa inavunjika ni ile iliyomnunulia mama mchele ule halikumjia akilini, au lilimjia akaliacha lipite. Mtoto wa kiume akifungua kibanda, familia nzima hugeuka walinzi wa jina lake. Mama Maziwa aliipeleka pikipiki kwa kaka yake.

Pua, kwa heshima ya undugu, safari hii alifanya makubwa. Kwanza alifungua mfuniko akanusa. Kisha alibadilisha plagi. Kisha, jambo la ajabu kwake, akagusa umeme: akaing'oa koili nzima akaweka nyingine aliyoitoa kwenye pikipiki iliyoanguka mtoni. Kabureta aliipuliza kwa baraka. Akaikanyaga kiki moja, ikaitika, akampigapiga dada yake begani.

"Nenda nayo hata mwisho wa dunia, mdogo wangu."

Kesho yake haikufika mwisho wa dunia. Ilifika katikati ya mlima, ikakohoa, ikanyamaza.

Mama Maziwa aliteremka. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde, madumu yamejaa, na mlango wa jiko la shule uko juu ambako macho yanafika lakini miguu na madumu havifiki. Alikanyaga kiki mpaka viatu vikamteleza. Aliangalia plagi mpya iking'aa. Alianza kucheka, kicheko kibaya cha mtu anayejua kesho hana kazi, na kwa hasira akaamua kumwigiza kaka yake. Alifumba macho. Akainama kwa madaha. Akafungua mfuniko anuse.

Tangi lilivuta pumzi. Lilitoa mluzi mrefu wa hewa inayoingia, kama mtu aliyezibwa mdomo akaachiwa. Mama Maziwa alifumbua macho. Akakanyaga kiki mara moja, injini ikawaka.

Hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa kukiona mara moja. Alikuwa amekaa sana karibu na kaka yake. Alifunga mfuniko vizuri, akaendesha. Penye kona ya pili ikakohoa. Akafungua, mluzi ule ule, ikawaka. Basi hakuhitaji zaidi. Alipenyeza kucha chini ya lile duara la mpira, akaling'oa, akalitia mfukoni, akapanda mlima uliobaki huku petroli ikimrukia mapajani kila kona. Injini haikukohoa tena.

Mpishi mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, simu mkononi, anatafuta namba ya mwenye pikapu. Alimwangalia kuanzia viatu hadi kichwani.

"Mama Maziwa, unanuka kituo cha mafuta."

"Nanuka mimi. Maziwa onja."

Mpishi alifungua dumu, akachota kwa kijiko, akanusa, akaonja, akaonja tena bila haraka, kwa kuwa wapishi wa shule hawana raha nyingine. Kisha akarudisha simu mfukoni.

"Kesho," alisema, "nuka ng'ombe."

Kurudi, Mama Maziwa alipita gerejini. Kibanda kilikuwa kimejaa madereva kama kawaida, na Pua alikuwa katikati yao, kabureta mkononi, akieleza jinsi alivyoiponya pikipiki ya dada yake iliyowashinda wengi. Mama Maziwa alisubiri amalize. Akamwekea duara la mpira juu ya meza.

"Kaka, umenipatia mpira mzuri sana. Umeziba petroli, umeziba na hewa. Kila unaponusa unafungua mfuniko, ndiyo maana inawaka. Kabureta haina kosa lolote."

Pua aliuchukua mpira. Aliunusa, bila shaka.

"Mpira mzima huu," alisema. "Tatizo lilikuwa kabureta. Uliondoka nayo kabla haijazoea."

Dereva mmoja, yule aliyelaumu abiria wanene, alisogea taratibu kwenye pikipiki yake iliyokuwa kwenye foleni, akazungusha mfuniko. Mluzi ulisikika kibanda kizima. Kisha wa pili akafungua wake. Kisha wengine, mmoja mmoja, wakiangalia pembeni, kama watu wanaojikagua vifungo vya suruali mbele za watu. Mluzi, mluzi, mluzi. Pua alibaki na kabureta ya mtu mkononi, imepulizwa, inang'aa, haina ugonjwa wowote.

Gereji ilipungukiwa na wateja kuanzia hapo. Pua aliwaeleza waliobaki kwamba petroli siku hizi imekuwa safi, ndiyo maana pikipiki haziharibiki. Na wapo waliobaki. Wapo hata walioirudisha mipira yao ndani ya mifuniko, kwa hoja kwamba suruali ni ghali na kusukuma ni mazoezi. Watu wa namna hiyo hawakosi fundi.

Mama Maziwa aliutafutia mfuniko wake mpira wa dukani, wenye tundu mahali pake, na akatangaza kwamba mfuniko ule haufunguliwi na mtu mwingine ila yeye. Habari zilimtangulia nyumbani. Mama yake alimpokea na uso umekunjwa.

"Umemwaibisha kaka yako mbele za watu."

"Maziwa yamefika, mama."

Mama alifikiria hilo. Alisogeza kikombe, akaomba aongezewe chai, na maziwa yawe mengi.