Ndimu ya Agincourt

Tajdin, fundi saa mstaafu wa Tanga, alikuwa mtu wa kupima mara mbili ndipo akate. Lakini Julai ile ya mwaka 2009 alipima mara moja tu. Mkewe, Shamshad, alikuwa hapati usingizi tangu Machi. Jirani mmoja, mzee Mwingereza, akamwonyesha Tajdin mti uliochanua mbele ya jengo lao la ghorofa huko Agincourt, ughaibuni. Akamwambia huo ni “lime”, na kwamba kwao maua yake hutiwa kwenye chai ya kuleta usingizi. Shuleni Tanga, “lime” ilikuwa ndimu. Tajdin akachuma, akachemsha, akampa mkewe vikombe viwili.

Saa tisa alasiri Chelagat, muuguzi aliyeishi ghorofa ya juu, alipita kuwajulia hali. Akamkuta Shamshad kalala fofofo.

“Nimempa chai ya maua ya mndimu,” Tajdin akasema kwa fahari.

“Mndimu, mzee? Na theluji ya hapa, ya kiunoni kila Januari? Basi kesho nami nitaangua nazi pale stesheni.”

Tajdin hakucheka. Chelagat alimshika Shamshad mkono, akahesabu mapigo. “Yako sawa. Lakini lazima tujue amekunywa nini. Nenda, mimi nabaki naye.”

Mzee alikata kitawi, akakimbilia maktaba, mtaa wa pili. Mhudumu akamfungulia kitabu cha miti. Tajdin akavaa jichoni lenzi yake ya ufundi saa. Jani lilikuwa na umbo la moyo, bega moja limeshuka kuliko jingine: sawa. Vikonyo vya maua vilichomoza katikati ya jani dogo, jembamba, la rangi hafifu, mfano wa ulimi: sawa. Mti huo ni linden. Waingereza huuita “lime”, wala hauna udugu na ndimu. Nyuki huupenda, gome lake lilisokotwa kamba, mbao zake laini huchongwa vinyago. Na maua yake hunywewa tangu zamani. Sentensi hiyo aliisoma mara tatu, ndipo akafunga kitabu.

Aliporudi, Shamshad alikuwa ameamka, amenuna.

“Nimepata usingizi leo tu, nanyi mnanishikashika kama maiti.”

“Shamshad, ile haikuwa ndimu. Kitabu kinasema ni linden, hunywewa tu bila madhara.”

“Najua. Ndimu naijua, hata uchachu haikuwa nao.”

“Mbona hukusema?”

“Ulikuwa umefurahi mno. Haya, imebaki?”

Chelagat tayari alikuwa ameinjika birika.