Pole Si Sori

Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa kanisa hapa Auburn, ugenini, nafundisha watu wazima kuhutubu kwa Kiingereza. Wengi ni Wakongo wanaofanya kazi kwenye maghala na nyumba za kutunzia wazee. Kule Kenya nilikuwa mwalimu wa sekondari. Hapa vyeti vyangu waliviangalia wakanirudishia, basi na mimi siku za wiki naogesha wazee wa watu, Jumamosi nakuwa mwalimu tena. Somo langu ni moja tu: kabla hujafungua mdomo, jua unasema kwa nini. Kuna hotuba ya kushukuru, kuna ya kushawishi, ya kuomboleza, ya kueleza. Ukizichanganya umekwisha.

Mwanafunzi wangu mmoja, mama wa kutoka Bukavu, alinifuata baada ya darasa uso umemshuka. Kazini kwao mzee mmoja alikuwa ameanguka bafuni alfajiri, akavunjika nyonga. Yeye wakati huo alikuwa chumba kingine akimbadilisha bibi mmoja nguo, maana jengo zima waliachiwa watu wawili. Sasa meneja ameitisha kikao na familia ya mzee, na yeye ndiye wa kueleza. Asipoeleweka kazi imekwenda, na kazi hiyo ndiyo inayolisha watoto wake.

Tukafanya mazoezi. Nilimwambia hii ni hotuba ya kueleza, basi: ulikuwa wapi, mlikuwa wangapi zamu hiyo, ulimkuta vipi, ulimwita nani. Tuliirudia mpaka akawa anaisema bila kukwama hata mahali pamoja. Akaniomba nimsindikize, nikaenda.

Binti wa yule mzee alikuwa analia hata kabla hatujakaa. Mwanafunzi wangu akamtazama, nami nikaona kabisa jinsi hotuba yetu yote ilivyomtoka. Akainuka, akazunguka meza, akamshika yule mwanamke mikono yote miwili.

"Sori, mama," akamwambia. "Sori sana kwa baba."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alikuwa anampa pole, basi. Kwetu nani asingempa? Mtu akijikwaa njiani unampa pole, na wewe hukumsukuma, hata hukuwa karibu. Lakini Kiingereza pole hakina, kina sori, na meneja alishaanza kuchapa kwenye kompyuta yake. Akasema, kwa sauti ya chini ya kiungwana, kwamba wote wamesikia mfanyakazi akikiri kosa.

Nikasimama kueleza. Nikaambiwa msindikizaji haruhusiwi kusema. Mimi, mwalimu wa hotuba, nikakaa. Ndipo wakamuuliza mwanafunzi wangu kama ana la kuongeza, naye akaisema ile hotuba yetu mwanzo mpaka mwisho, vizuri kuliko alivyowahi kuisema darasani. Meneja alikuwa anafunga kompyuta. Habari ya jengo zima kuachiwa watu wawili hakuna aliyeigusa.

Mpaka leo linanichoma. Hawa wenyeji wa hapa husema sori kutwa kucha. Kwenye treni ya Penrith unamkanyaga mtu wewe, na yeye ndiye anayekuambia sori. Mbona yeye hakamatwi? Hata meneja, wenzake wa darasani waliniambia, alipopiga simu siku iliyofuata kumwambia kazi imekwisha, alianza na sori sana, na sikusikia kwamba kuna mtu aliyesema amekiri.

Lakini siku ile ya kikao, tukisubiri treni, hasira yangu ilimwangukia mwanafunzi wangu. Nilimfokea mbele za watu: tulikubaliana nini? Si nilikuambia ueleze? Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mwalimu," akasema, "ile mama alikuwa nalia. Nianze kumuelezea?"

Treni ikaja, tukapanda.

Jumamosi hakuja, wala simu yangu hakupokea. Wenzake walikuwepo wote, na wote wana kazi za namna ile ile, na watoto. Nikasimama mbele yao nikawaambia kwamba kwenye hotuba ya kueleza hakuna kumpa mtu pole, hata kama analia mbele yako. Wakaandika. Mmoja akauliza kama ni sawa kumshika mkono bila kusema kitu. Nikamwambia hapana, na huo pia uache.