Fyuzi Haiungui Bure

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mto Tana ulipokuwa umevunja kingo huko juu na sisi wa Garsen tukingoja maji yatufikie. Nimeikumbuka leo kwa sababu umeniletea amplifaya ya gari la marehemu babu yako, ukaniambia umetia fyuzi juu ya fyuzi na zote zimeungua. Hebu iweke hapo mezani. Keti kwanza.

Wakati huo nilikuwa msichana, lakini mkono wangu ulikuwa umeshafuzu. Mjomba wangu Hiribae, aliyenifundisha ufundi wa redio, alikuwa amekwenda Malindi kufuata vipuri, akaniachia kibanda bila wasiwasi wowote. Simu za mkono zilikuwa bado. Habari ilipofika kutoka Hola kwamba watu wa bondeni wahame kabla jua halijatua, njia ya kuwafikia ilikuwa moja tu: pikapu kuukuu yenye spika mbili juu ya paa. Nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa huko bondeni, Kilelengwani, peke yake na kuku wake.

Pikapu ile ikaja ikasimama mbele ya kibanda, kimya. Dereva, kijana wa Kigiriama aitwaye Kazungu, akashuka jasho linamtiririka.

"Dada, amplifaya inakata fyuzi. Nitilie kipande cha waya hapo, twende zetu."

"Hapana, kaka. Waya hautakatika, lakini kitaungua kingine. Pengine hata gari lenyewe."

"Maji hayangoji fyuzi!"

"Najua. Nyanya yangu yuko huko huko uendako."

Nikachukua bisibisi, nikainama chini ya kiti ilikofungwa amplifaya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ilikuwa ya zamani, bati zito lenye mapezi ya kupoza moto, na nilikuwa na hamu kubwa ya kuifungua nione tumbo lake. Hapo ndipo nikasikia sauti kutoka kiti cha mbele.

"Binti, weka hicho chuma chini."

Alikuwa Mzee Barisa, Muorma aliyejulikana soko zima la mifugo. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kutangaza, maana Kiorma na Kipokomo vyote alivisema kama aliyenyonya navyo.

"Kwetu ng'ombe akigoma kula hatumpasui tumbo," akasema. "Tunauliza jana alikunywa wapi, na nani aliyemchunga. Wewe hujauliza hata swali moja."

Uso ulinichoma, mwanangu. Lakini kweli ikisemwa huna pa kuikimbilia. Nikaweka bisibisi chini, nikamgeukia Kazungu.

"Ilianza lini? Ni nini kilichoguswa kabla haijanyamaza?"

Kazungu akatazama pembeni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mzee Barisa akakohoa, na ndipo kijana akasema, "Jana ililia vizuri. Asubuhi hii nilikaza keria ya mizigo juu ya paa. Ilikuwa inacheza."

Basi, nusu ya kazi ikawa imekwisha.

Nilikuwa nimebakiwa na fyuzi moja ya kipimo chake, sikutaka kuichezea. Nikachukua balbu ya taa ya gari, nikaiunga mahali pa fyuzi. Mjomba alinifundisha hivi: balbu ikiwaka kwa ukali, ujue umeme umepata njia ya mkato mahali fulani, ikififia, njia ni salama. Nikawasha. Balbu ikawaka kali hata Kazungu akafumba macho. Nikachomoa nyaya za spika zote mbili, balbu ikafifia. Njia ya mkato haikuwa ndani ya amplifaya! Nikarudisha waya wa spika ya kulia, ikabaki imefifia. Nikarudisha wa kushoto, ikawaka tena kali.

Nikapanda juu ya paa. Bolti ya keria ilikuwa imeuma waya wa kushoto, shaba imetoka nje na kugusa bodi ya gari. Nikaukata, nikauunga upya, nikauviringia tepu nyeusi, na juu yake kipande cha mpira wa tairi. Nilipojaribu, sauti ikaja lakini ikikwaruza. Sasa ndipo nilipofungua lile bati, kwa sababu sasa nilijua ninachotafuta: kiungo cha waya wa betri kilichopasuka kwa uzee. Nikakilehemu, nikatia fyuzi.

Mzee Barisa akashika maiki, akasema neno moja tu, "Haya!" Mbuzi wa sokoni wakatawanyika pande zote.

Wakaondoka. Nilifanya kazi siku ile nikiitazama barabara zaidi kuliko meza yangu. Alasiri pikapu ikarudi, matope hadi milangoni, nyuma imejaa watoto na akina mama. Mbele, kando ya Mzee Barisa, aliketi nyanya na kuku mapajani.

"Nani aliyetengeneza hiyo kelele?" akauliza kabla hajashuka. "Nusura nizirai!"

"Ni mimi, nyanya."

Akanishika mkono, hakuuachia hata tulipofika nyumbani. Maji yalifika kabla hakujakucha. Nyumba nyingi zilikwenda. Hakuna mtu aliyekwenda nazo.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kinachokuonya usikizibe mdomo. Fyuzi ikiungua imekusemesha. Mke akinuna, mtoto akinyamaza, mwili ukiuma, navyo vinakusemesha. Usitie waya mnene ili mambo yaendelee tu. Uliza kwanza kilichoguswa. Anza nje, kwenye mepesi, ukienda ndani polepole, na usifungue kitu kabla hujajua unatafuta nini. Na ukiulizwa wewe, usitazame pembeni. Sema, hata kama ni wewe uliyekaza bolti.

Mungu akupe sikio lisilochoka na mkono usiotetemeka. Kila kitakacholetwa kwako kimya, kiondoke kikisema. Haya, nipe hiyo amplifaya, na uniambie: kabla haijanyamaza, nani aliigusa?