Shikamoo ya Pili kwa Baba Mkwe

Jamani, leo nimembeba baba mkwe kupanda mlima mzima bila kujua 😂

Ni ile safari ya baiskeli ya kuchangia magodoro ya wodi ya wazazi. Tumetoka Mombo kwenda Lushoto, mimi na yeye, baiskeli moja ya watu wawili. Mimi mbele, mzee nyuma.

Njia nzima ananihimiza: "Kanyaga, mwanangu! Tuko pamoja!"

Nakanyaga. Mapaja yanawaka moto.

Tulipopita Soni, mama mmoja muuza matunda akaangua kicheko: "We kijana! Mzee wako kapachika miguu kwenye fremu, anakula peasi!"

Nikageuka. Kweli. Pedali zake zinazunguka zenyewe, mzee anatafuna.

Sasa mkwe unamgombezaje? Na tulishaamkiana tangu asubuhi. Nikasema tu, taratibu:

"Shikamoo, baba."

Akameza peasi haraka.

"Marahaba." Miguu ikarudi kwenye pedali. Baiskeli ikapanda kama imetiwa petroli!

Lushoto watu wakamshangilia. Akapewa maiki: "Mkwe wangu alichoka njiani, lakini sikumwacha."

Nikaomba maiki na mimi. Nikasema neno moja tu:

"Shikamoo."

Wenye wakwe mmenielewa 🙌🏾